Maziwa Yaliyochemshwa Nyuma ya Nyumba

"Kwenu mnachemsha maziwa?"

Muuguzi wa zahanati ya chuo aliniuliza swali hilo asubuhi moja ya mwezi wa pili, nilipokuwa mwaka wa pili wa masomo. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, na kwenye benchi la ukutani walikaa wanafunzi kama kumi, wote kimya, wote wakisikia. Nilikuwa nimeumwa tangu mvua za vuli. Dawa za malaria nilikwisha kumeza mara tatu, za homa ya matumbo mara moja, na homa iliondoka na kurudi kama mtu aliyesahau kitu. Nilimtazama yule mama mwenye miwani, nikalitazama benchi, nikajibu kwa sauti ya mtu aliyesoma:

"Tunachemsha, Nesi. Sisi si washamba."

Benchi likacheka. Nesi Foibe, ndilo jina nitakalomwita humu, akainamisha kichwa, akaandika kitu kwenye kadi yangu, akanipa tena dawa za maumivu. Nilitoka pale nikidhani nimeulinda ukoo wangu. Kumbe uongo ule ulinirudisha kitandani kwa miezi mingine mitatu, na haukunirudisha peke yangu.

Nimeuvuka sasa umri wa miaka hamsini, na mwili wangu umetulia. Naandika kwa ajili ya kijana aliyekaa leo kwenye benchi kama lile, kadi mkononi, akiwa na homa isiyo na jina na jambo la kwao asilotaka watu walisikie. Sitaeleza habari za vijidudu. Yapo mabango ya kazi hiyo, na wapo waliosomea. Nitaeleza nilivyoumwa, na nilivyochelewa kusema.

Kwetu ni juu ya Endasak, kwenye mteremko wa mlima Hanang, mahali ambapo jua huzama mapema kwa sababu mlima hulificha kabla ya wakati wake. Tulilima mahindi na maharage kama kila mtu. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na baada ya matanga mjomba wangu alishuka kutoka Hirbadaw akiswaga ng'ombe mmoja jike, wa rangi ya majivu, akamfunga kwenye boma letu. Kwa watu wa kwetu, mwenye ng'ombe wengi humweka mmoja kwa ndugu au kwa rafiki. Anayewekewa hulisha, huchunga na kunywa maziwa, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na hakuna anayeweza kumuuza au kumchinja bila neno lake. Mjomba alimwambia mama, "Dada, watoto hawa wasilale bila maziwa."  Ng'ombe yule tulimwita Majivu.

Majivu ndiye aliyenilea, na baadaye binti yake, tuliyempa jina lilelile. Hata sasa nikifumba macho naisikia harufu ya kibuyu cha mama. Alikisafisha kwa kijinga cha moto cha mzeituni-pori, akikizungusha ndani mpaka moshi utoke mdomoni mwa kibuyu kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi, kisha akamimina maziwa yakiwa bado na joto la kiwele. Siku ya tatu yalikuwa yameganda, mazito, yenye ukali kidogo na moshi kwa mbali. Hayakuguswa na moto kamwe. Bibi mzaa mama, aliyekuwa Mbarbaig, alimfundisha mama kwamba maziwa yakitiwa motoni kiwele cha ng'ombe huungua kule kule aliko, kisha hukauka. Na kiwele cha Majivu kilikuwa ndicho shukrani yetu kwa mjomba. Nani angethubutu kukiunguza?

Chuo kilikuwa mbali, katika mji wa joto, safari ya siku mbili kwa basi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria ilipokuwa bado mpya, kabla mkoa wa Manyara haujakatwa kutoka Arusha. Maduka ya Katesh yalikuwa yamejaa ghafla sabuni za rangi na mitumba, na bwana mifugo wa kwetu, aliyekuwa akipita na baiskeli kila mwezi, alikuwa amepunguzwa kazini na kufungua kilabu cha pombe. Hakuna aliyepita tena kuwatazama ng'ombe. Wakati huo hatukuona kwamba jambo hilo lina uhusiano wowote na afya za watu.

Chumba cha bweni nilishirikiana na Idrisa, mtoto wa mfanyabiashara wa Katesh. Babake aliuza vitambaa na mafuta ya taa. Wazee wao walikuja Katesh kutoka Kondoa. Tulisoma shule tofauti na kusali nyumba tofauti, lakini katika mji ule wa joto tulikuwa watu wawili pekee tuliojua maana ya baridi ya mwezi wa saba. Hilo lilitosha kutufanya ndugu. Aliniita Mfugaji, ingawa nilikuwa na ng'ombe mmoja, tena wa kuwekewa.

Ugonjwa uliniingia polepole, kwa adabu. Kwanza lilikuwa jasho. Niliamka godoro limelowa kana kwamba nimemwagiwa ndoo, na Idrisa akanisaidia kulitoa kulianika kwenye kichaka cha maua nyuma ya bweni. Kisha mgongo. Nilianza kuinuka kitini kwa hatua mbili: kwanza mikono magotini na pumzi, kisha kusimama. Wenzangu wa darasani wakaanza kuniamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nilijibu, maana kucheka nao kulikuwa rahisi kuliko kueleza.

Suruali zililegea. Nilitoboa mkanda tundu jipya kwa msumari, kisha tundu jingine. Mhadhara wa saa mbili asubuhi niliweza. Wa saa nane mchana sikuweza, kwa sababu homa yangu ilikuwa na ratiba kama ya chuo. Mwalimu wangu mmoja aliniambia bila ukali kwamba nikikosa mitihani nitarudia mwaka mzima, na kwamba kuna walioahirisha wakaenda kupumzika nyumbani na hawakurudi tena. Neno hilo la mwisho lilinikaa moyoni.

Kuhusu zahanati, nakumbuka zaidi benchi kuliko dawa. Lilikuwa benchi refu la mbao, limeng'aa kwa kukaliwa. Ukifika saa moja unakaa mwisho, na kila mtu akiingia ndani nyote mnasogea, makalio baada ya makalio, mpaka uufikie mlango. Hapo mlangoni ndipo ulipoulizwa maswali, maana chumba cha Nesi kilikuwa kidogo na chenye joto, naye hakupenda kufunga. Kila Jumatano alasiri Nesi Foibe alikuja bwaloni na kuzungumza na wanafunzi juu ya afya: maji, vyandarua, magonjwa ya zinaa, usingizi, hata huzuni. Wengi walienda kumtania. Alijibu utani kwa utani, kisha akasema alichokuja kusema. Mimi sikuwahi kwenda. Nilijiona msomi, mazungumzo yale niliyaona ni ya watu wasiojua.

Pasaka nilisafiri kwenda nyumbani. Mama aliponiona nikishuka njiani Endasak alishika mdomo.

"Baba," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu baba alipofariki, "hicho chuo kinakulisha nini?"

"Ni masomo tu, mama."

"Masomo hayali nyama ya mtu hivi."

Kwa siku kumi alinihudumia kama mgonjwa na kama mgeni. Kibuyu kizima kilikuwa changu. Aliniketisha mlangoni penye jua, akamimina kikombe, akasimama mpaka nimalize, akamimina kingine. Wadogo zangu walikunywa uji. Nilikunywa, na haki ya Mungu sijapata kunywa kitu kitamu kama maziwa yale katika maisha yangu. Niliona pia mambo mawili ambayo sikuyaunganisha. Majivu alikuwa ametupa mimba, mara ya pili, na mama ndiye aliyeitoa kwa mikono yake mitupu na kuizika. Na mama, alipotaka kuinuka kutoka kwenye kigoda cha kukamulia, aliweka kwanza mikono magotini, akavuta pumzi, kisha akasimama.

"Mgongo?" nilimuuliza.

"Uzee, baba. Unakuja hata usipoualika."

Hakuwa hata na miaka hamsini.

Nilirudi chuoni na kibuyu mapajani, safari nzima, kizibo nimekifunga kwa kitambaa. Idrisa alikipokea kama mtu anayepokea mtoto. Kwao Katesh maziwa yalikuwa ya chai, yaliyochemshwa mpaka yakafanya utando. Haya ya kibuyu alikuwa akiyaona mikononi mwa watoto wa wafugaji siku za gulio akayatamani tu.

"Leo na mimi nimekuwa Mfugaji," alisema, na masharubu meupe juu ya mdomo. "Mwambie mama aniandikishe kwenye boma."

Tulikinywa kibuyu kile kwa siku nne, tukikificha chini ya kitanda kama mali ya wizi.

Masika ilikuwa inaelekea kuisha Idrisa alipoanza kutoa jasho. Wiki iliyofuata goti lake la kulia lilivimba likawa kama kichwa cha mtoto. Alisali ameketi kitandani, mguu ameunyoosha mbele, na alipomaliza alinitazama na kusema, "Mzee Paskali, nadhani nimeingia kwenye ukoo wenu." Nilicheka. Kisha swali la Nesi Foibe likanirudia lote, pamoja na kicheko cha benchi.

Nilijua. Nataka niliseme wazi jambo hili: kuanzia dakika ile nilijua, au nilikuwa na kila kitu cha kunijulisha, na bado tulipokaa kwenye benchi asubuhi iliyofuata nilikuwa natafuta namna ya kutosema. Si kwamba niliogopa kuchekwa tena. Niliogopa lililokuwa nyuma ya kicheko. Kama ni maziwa, basi ni kibuyu. Kama ni kibuyu, basi ni mkono ule uliosimama na kunimiminia kikombe baada ya kikombe mlangoni penye jua.

Nesi Foibe aliliangalia goti la Idrisa, akaniangalia mimi, akaangalia tena goti.

"Ninyi mnakaa chumba kimoja?"

"Ndiyo, Nesi," alisema Idrisa.

"Mnakula nini pamoja?"

"Vya bwaloni, Nesi, kama wote. Na yale maziwa ya mama yake Paskali. Ya kibuyu. Nesi, ungeyaonja!"

Aliyasema kwa fahari. Benchi lote likasikia. Nilitazama sakafu, nikahesabu vigae vitatu vilivyopasuka. Nesi aliweka kalamu chini. Aliinuka, akatuingiza ndani sisi wawili, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiufunga ule mlango.

"Mimi ni Mgogo," alisema, akiwa bado ameshika kitasa. "Baba yangu alikufa hajawahi kunywa maziwa yaliyopikwa. Alisema yaliyopikwa ni maiti. Kwa hiyo hapa ndani hakuna mshamba wala mtu wa mjini. Paskali, nakuuliza tena."

"Hatuchemshi, Nesi," nilisema. "Hatujawahi."

Ndipo nikalia, mtu mzima wa miaka ishirini na tatu, mbele ya rafiki yangu. Idrisa akanipa kofia yake nijifutie.

Damu zetu zilipelekwa hospitali kubwa, na majibu yalirudi baada ya wiki moja. Ugonjwa ulikuwa na jina: brusela, ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe, unaomfikia mtu kwa maziwa mabichi au kwa kuigusa mimba iliyotoka. Nilifurahi kwa namna isiyoelezeka. Aliyeumwa kitu chenye jina hata maumivu yake huyabeba vingine.

Tuliandikiwa vidonge vya wiki sita na sindano ishirini na moja, moja kila asubuhi. Mpaka leo mwezi ule siukumbuki kwa tarehe. Naukumbuka kwa sindano. Sindano ya tatu ndiyo niliyolala usiku mzima godoro likiwa kavu. Ya saba nilisikia njaa, nikala ugali wangu na nusu ya ugali wa Idrisa. Ya kumi na mbili tulikwenda zahanati tukichechemea, yeye kwa goti na mimi kwa makalio, tukashindana nani atafika kwanza kwenye kona ya maktaba. Wapishi wa bwaloni walitushangilia. Ya kumi na tano nilifanya mtihani wa kwanza. Wale wanafunzi waliokuwa wakiniamkia walikuwa wakitutunzia nafasi kwenye benchi ili tusichelewe darasani, na mmoja wao alininakilia mihadhara yote niliyoikosa, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Fadhila hizo ndogo nikizikumbuka, chuo kile hunirudia kama nyumba niliyolelewa, ingawa nilikaa humo miaka michache tu.

Asubuhi ya sindano ya mwisho Nesi Foibe alibonyeza pamba, akasema, "Wewe umetibiwa. Mama yako nani atamtibu?"

"Nitamwandikia."

"Anajua kusoma?"

Hakujua. Barua zangu zilikwenda kwa sanduku la parokia, na katekista alizisoma kwa sauti baada ya ibada, majirani wakiwa wamesimama, maana barua ya mtoto wa chuo ilikuwa ya kijiji kizima. Niliiwaza barua ile ikisomwa: maziwa ya mama yangu yametuumiza mimi na rafiki yangu. Nilimwaza mama amesimama pale na kitenge chake cha Jumapili.

"Basi nenda kwa miguu yako," alisema Nesi.

Nilikwenda. Mwezi wa saba Hanang ilikuwa imevaa ukungu mpaka kiunoni, na upepo uliingia kwenye mifupa yangu iliyokuwa bado inapona. Nilikuja na neno moja la kusema na sikulisema. Siku ya kwanza nilijiambia mama amechoka. Siku ya pili, kwamba kuna mavuno. Kikombe kilipokuja nilisema daktari amenikataza maziwa kwa muda. Mama alikirudisha kikombe ndani bila kunitazama.

"Daktari gani huyo," aliuliza siku ya tano, "anayemkataza mtoto maziwa?" Na siku ya nane: "Au umeshiba chuo mpaka kibuyu cha kwetu kinanuka?"

Wiki mbili zilipita hivyo. Aliinuka kigodani kwa hatua mbili, kisha kwa hatua tatu.  Nilijua neno nililokuja nalo linaweza kumvunja mama, na nilijua pia kwamba ninavyongoja ndivyo ugonjwa unavyozidi kumla. Yote mawili niliyajua, nikaendelea kupukuchua mahindi.

Jumapili ya tatu Idrisa alipanda kutoka barabarani, mguu wa kulia ukichelewa nyuma ya wa kushoto, akiwa na khanga mpya kutoka dukani kwao. Alimwamkia mama kwa lugha yetu, Kiiraqw chake cha Katesh, kilichokuwa kimejaa Kirangi cha Kondoa.

"Sema Kiswahili tu, mwanangu," alisema mama, akicheka kwa mara ya kwanza tangu nije, "hicho kingine utakivunja."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe uliyekuwa unamwanikia mwenzako godoro? Karibu, kaa. Kaa penye jua."

Akaingia ndani. Nilijua anachokwenda kuleta, na Idrisa naye alijua. Tulitazamana. Alinitikisia kichwa kidogo tu, kana kwamba anasema, hili ni lako.

Mama alitoka na kibuyu na kikombe kikubwa cha bati, kile cha wageni. Akamimina mpaka kikajaa, akakishika kwa mikono miwili, akakiinamia kidogo kama inavyompasa anayempa mgeni. Idrisa alikipokea kwa mikono miwili. Alisema, "Ahsante, mama," akakiinua.

"Usinywe!"

Nilipaza sauti mpaka kuku wakakimbia. Mama aligeuka. Hapo sikuwa na njia tena, nikasema yote, bila mpangilio, kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili: ugonjwa, mimba za Majivu, mkono wake mwenyewe, mgongo wake, goti la Idrisa, uongo wangu benchini, sindano ishirini na moja. Nilipomaliza, mama alikuwa amekaa chini, juu ya udongo, kibuyu mapajani.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si wewe, mama. Ni—"

"Kibuyu ni cha nani? Mkono ni wa nani?" Alikiziba kibuyu. Kisha hakunitazama mimi. Alimtazama Idrisa, aliyekuwa bado ameshika kikombe. "Na wewe, mtoto wa watu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Na bado ulipokea?"

Idrisa alikiangalia kikombe. "Mama ametoa kwa mikono miwili," alisema. "Mimi ningekataa kwa mkono upi?"

Mama aliinua kitenge akafunika uso. Mabega yakatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Nadhani yeye mwenyewe hakujua. Baadaye aliinuka, kwa hatua zake tatu, akachukua kikombe kutoka mikononi mwa Idrisa. Aliingia ndani, akatoka na sufuria na vijinga vya moto, akatupita, akauzunguka ukuta mpaka nyuma ya nyumba, upande wa mlima, mbali kabisa na boma. Tulimfuata. Alipanga mafiga matatu penye upepo mkali ambapo hakuna mwenye akili angewasha moto.

"Mama, jikoni kuna moto tayari."

"Jikoni anaona," alisema.

Akaukinga moto kwa mgongo wake ili Majivu asiuone, akayachemsha maziwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Yalipofura aliyaangalia kama anayeangalia kitu kikifa. Idrisa alipewa wa kwanza. Alikunywa, akapangusa mdomo, akasema ni matamu kama ya kwao. Mama alionja, akatema.

"Yamekufa," alisema. "Lakini tutayanywa."

Jumatatu alishuka nami hospitalini. Ilikuwa brusela. Sindano zake ishirini na moja alizihesabu kwa maharage. Kila aliporudi alitia punje moja ndani ya kile kibuyu, kwa kuwa alisema hakitaingia maziwa tena. Mimi nilitembea naye hadi ya kumi na tisa, kisha chuo kikafunguliwa, na mdogo wangu akamalizia. Alipona kuliko mimi. Kila asubuhi katika wiki zile, kabla hatujaondoka, alikwenda bomani kukipapasa kiwele cha Majivu, akarudi na kunong'ona, "Hajajua bado."

Mjomba aliitwa kutoka Hirbadaw. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, akamtazama ng'ombe wake kwa muda mrefu, akasema, "Mama yake nilimleta awalishe." Akatoa neno, Majivu akaondolewa bomani. Siku ile mama hakula. Miaka ilipita kabla mjomba hajaleta mwingine, na huyo naye maziwa yake yalichemshwa nyuma ya nyumba, upande wa mlima, mpaka mama alipofariki. Sikuwahi kumwambia kwamba ng'ombe hawezi kujua. Nilikuwa nimekwisha kumnyang'anya kitu kimoja. Hicho cha pili, imani ile, kilikuwa chake.

Idrisa ni mfanyabiashara Babati, makao makuu ya mkoa ambao wakati ule haukuwapo. Goti lake halikunyooka kabisa. Husali juu ya kiti, na nikimtembelea katika saa ya sala mimi hutoka nje, si kwa sababu ya dini bali kwa sababu kile kiti siwezi kukitazama. Siku moja nilimwambia hivyo. Alinijibu, "Mfugaji, tangu lini goti langu likawa ng'ombe wako wa kuwekewa? Ni langu. Niachie." Tukanywa chai. Ya maziwa, yaliyochemshwa.

Mimi ni mshauri wa wanafunzi katika chuo kikuu kingine, na kila mwaka wanafunzi wapya wanapofika mimi hupewa nusu saa ya kuzungumza nao kuhusu afya. Naikumbuka Jumatano ya Nesi Foibe ninapopanda jukwaani. Wapo watoto wa wafugaji, wa wavuvi, wa wakulima, wa wafanyabiashara, na kila mmoja amekuja na kitu cha kwao chini ya kitanda. Nakuja na kile kibuyu. Mama alinipa mwenyewe, na punje zake ishirini na moja zikigonga ndani. Nikikizibua, baada ya miaka yote hii, moshi wa mzeituni-pori bado upo, na kwa muda wa pumzi moja nimekaa mlangoni penye jua, kikombe kinajazwa, na mtu amesimama akinisubiri nimalize.

Kisha nakiziba. Naagiza milango ya ukumbi ifungwe. Nawauliza ni nani kati yetu ambaye kwao hawachemshi maziwa, na kabla ukumbi haujapata nafasi ya kucheka, nainua mkono wangu juu kabisa, na kuushikilia hapo mpaka wa pili utokee.